Jina Lililong'oka Garini

Siku mtu wa Nairobi alipofika Githongo kumtafuta Fulvia, alimkuta mume wake kwanza, na matata yote yakaanzia hapo.

Muthamia alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya hoteli ya mke wake, ungo magotini, akichambua maharagwe kwa uvivu wa mtu anayejua chai atapewa hata asipomaliza. Kando yake aliketi kaka yake mkubwa, Elphas, shavu moja limevimba miraa aliyotoka nayo Kangeta alfajiri. Ukutani nyuma yao palichorwa gari jekundu lenye macho manne ya taa, na juu yake maneno: FULVIA RALI HOTELI. Mchoraji hakuwahi kuona gari lenyewe. Alichora kilichofanana na kobe mwenye hasira.

Mgeni alishuka garini, viatu vinang'aa, faili kwapani.

"Hamjambo wazee. Naitwa Gitari. Natafuta Fulvia. Nimeambiwa hapa iko."

Muthamia hakushtuka kusikia "iko". Huku mlimani Kiswahili tulikisoma shuleni na nusu yake tukaiacha hukohuko. Ng'ombe iko, mwalimu iko, na Mungu mwenyewe, ukisikiliza maombi vizuri, iko.

"Iko ndani," akajibu. "Unataka ya nini?"

"Kuiangalia tu. Ni ya mwaka gani?"

"Sabini na mbili."

Macho ya Gitari yakawaka. "Sabini na mbili! Na bado inatembea?"

"Inatembea vizuri. Asubuhi tu ndiyo inakohoa kidogo, wakati wa baridi."

"Hiyo ni kawaida yake. Na bodi je? Ni ile orijino?"

Muthamia akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumdanganya mgeni. "Nyuma imepanuka," akasema, "lakini siwezi kulalamika."

"Uliitoa wapi?"

"Embu. Kwa baba yake."

"Na kabla yako, ilikuwa na mwenyewe mwingine?"

Muthamia akaweka ungo chini. "Kijana, nani amekutuma?"

"Mjibu!" Elphas akadakia, akicheka mpaka majani ya miraa yakamtoka mdomoni. "Hata mimi nimejiuliza miaka yote hii!"

"Ni swali muhimu, mzee," Gitari akaendelea, maskini, hajui anaingia wapi. "Ikiwa imepitia mikono mingi thamani inashuka. Kwa ruhusa yako, ningependa niifungue, nilale chini niiangalie kutoka huko."

Benchi lilianguka. Maharagwe yalitawanyika hadi barabarani. Fulvia alipotoka na mwiko wa mandazi mkononi na mjukuu mgongoni, alimkuta mumewe amemshika mgeni kola, faili limefunguka, picha za magari zimetapakaa juu ya maharagwe, na shemeji yake ameketi chini akijifuta machozi ya kicheko.

"Baba Kathure! Mwache mteja!"

"Si mteja! Anataka kulala chini akuangalie!"

Ilichukua vikombe viwili vya chai kuweka mambo sawa. Gitari alikuwa mwenyeji wa Embu aliyefanya kazi Nairobi, na kazi yake ilikuwa kufuatilia historia ya magari ya zamani ya mbio yaliyotoka Italia. Fulvia lilikuwa jina la gari. Tajiri mmoja ng'ambo alikuwa na Fulvia jekundu la kuuza, akidai lilikimbia Safari Rali mwanzoni mwa miaka ya sabini na kupita kati ya Embu na Meru. Mnunuzi alitaka ithibitishwe, maana waongo ni wengi: mtu hupaka namba mlangoni, anapinda bampa kidogo, kisha anaapa gari lake ni shujaa.

"Kwa hivyo nimekuja kuuliza wazee wa njiani," alisema. "Kijana wa bodaboda pale Nkubu ndiye aliniambia, 'Fulvia? Iko Githongo.'"

Fulvia alishusha mwiko. Akamtupia Elphas jicho.

Kwa maana jambo lilikuwa hivi. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwake hakuwa na jina. Binti yake Kathure alikuwa amezalia nyumbani, akarudi chuoni, akamwachia mama yake kichanga na chupa mbili za maziwa. Mtoto wa namna hiyo huchukua jina la upande wa mama yake, na Kathure alikuwa amesema wazi, ataitwa Fulvia kama cucu wake, nyanya yake. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Lakini Elphas, mkubwa wa ukoo na mwanakamati wa kanisa, alikuwa amesimama mbele ya watu wote akasema Fulvia si jina la mtakatifu, si jina la Kimeru, na yeye kwa maoni yake lilitoka kwenye mkebe wa polishi ya viatu.

Fulvia alikuwa na jibu lake, lile alilopewa na marehemu baba yake, Njue. Kwamba Jumamosi ya Pasaka gari la Waitaliano lilinaswa kwenye matope ya mteremko wa Thuci, kina mama wakatoka kulisukuma, mkewe Nelius akiwa na mimba kubwa miongoni mwao. Uchungu ukamshika palepale. Waitaliano, watu wa Mungu, wakaacha mbio, wakambeba hadi hospitali ya misheni, na dereva mwenyewe akampakata mtoto akasema: aitwe Fulvia. Njue alikisimulia kisa hicho kila mahali palipokuwa na pombe ya bure. Fulvia naye alikisimulia kila palipokuwa na mteja. Aliyekuwepo kweli, mama yake, hakukisimulia hata siku moja. Ukimwuliza alisema, "Muulize baba yako," na kuendelea kumenya viazi.

"Tazama hii," Gitari akasema, akaokota picha kutoka kwenye maharagwe. Ilionyesha mgongo wa gari lililolowa tope, watu wamelizunguka. "Ilipigwa Meru mjini, gari lilipofika kituo cha ukaguzi. Hapa kwenye buti palikuwa na jina, chuma kimoja kilichoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha. Sasa angalieni."

Waliangalia. Kwenye buti palibaki herufi moja tu, *a* ndogo ya chuma, peke yake kama jino la mzee.

"Gari linalouzwa pia lina *a* peke yake. Lakini yeyote aliyeiona picha hii anaweza kuvunja jina la gari lolote. Kile kipande kingine ndicho kingesema ukweli, na hakuna anayejua kilienda wapi."

"Basi twende kwa mama yako," Elphas akamwambia Fulvia, akitafuna polepole. "Kesho. Mimi niwe shahidi. Ikiwa hiyo stori ni ya kweli, siku ya soko nitaosha vyombo vya hoteli yako yote, na aproni juu."

"Na ikiwa si ya kweli?"

"Mtoto ataitwa Monika, jina la mama yetu. Na utafuta hii kobe kwa ukuta."

Fulvia alimtazama mumewe. Muthamia alikuwa bado anaokota maharagwe na kumchungulia Gitari kwa jicho moja. Monika halikuwa jina baya, na mama mkwe alikuwa amestahili. Hilo ndilo lililokuwa gumu. "Twende," akasema.

*

Nelius aliishi juu kidogo ya Mto Thuci, upande wa Embu, kwenye nyumba ya mabati iliyozungukwa na kahawa. Wakwe walikaa nje chini ya dari la baraza, jinsi inavyotakiwa, Muthamia amebana magoti kama mtahiniwa, kwa kuwa mkwe hazoei nyumba ya mama mkwe, na jikoni kwake ndiko hakanyagi kabisa. Nelius alimpokea kitukuu, akamnusa kichwani, akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, akatabasamu. Kisha akaona faili la Gitari. Tabasamu likarudi lilikotoka.

"Cucu," Gitari akaanza kwa Kiembu cha adabu, lakini kazi ilikuwa imemharibu ulimi, "mwaka wa sabini na mbili, Jumamosi ya Pasaka, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Uliona gari jekundu?"

"Gari?" Nelius akasema. Lori la mchanga lilikuwa linapanda mlima nyuma yake, likinguruma mpaka kuku wakakimbia. "Huku hatujawahi kuona gari."

Elphas akakohoa.

"Mama," Fulvia akaingilia, "yale ya rali. Waitaliano. Ile siku nilizaliwa."

"Rali ilipita kwingine."

"Lakini Baba alisema..."

"Baba yako alisema mengi. Alisema pia anaenda Embu mjini kununua chumvi na kurudi saa hiyohiyo. Alirudi Jumatatu, bila chumvi."

"Monika," Elphas akasema taratibu, kama anayeonja supu. "Monika mzuri."

Fulvia alijisikia kama mtu aliyevuliwa kitambaa kichwani mbele ya watu. Miaka yote aliyosimulia kile kisa, akimimina chai na kunyoosha mkono ukutani: "Hilo ndilo lililonizaa!" Akainuka, akamfuata mama yake jikoni, mtoto mkononi, akijifanya anakwenda kusaidia chai.

Jikoni palikuwa giza na moshi, jinsi palivyokuwa tangu utoto wake. Mama yake alimgeukia ghafla.

"Mbona umeniletea polisi?" akanong'ona.

"Si polisi, Mama."

"Ana faili."

"Ni mtu wa magari ya zamani."

"Hao ndio wabaya. Polisi wa magari mapya husahau."

Fulvia hakuelewa. Akanyoosha mkono kuchukua chujio la chai pale linapoangikwa siku zote, kwenye kile kichuma cheusi kilichopigiliwa nguzoni, na mama yake akampiga kofi mkononi kama mtoto mdogo.

"Acha hapo! Nitachukua mwenyewe." Akalitoa chujio, kisha akatundika leso yake mahali pake haraka, ikafunika kichuma chote.

Fulvia alitazama ile leso. Hakuwahi kuona mama yake akitundika leso jikoni, kwenye moshi. Lakini mtoto alianza kulia, chai ikachemka, na wakatoka.

Nje, Gitari alikuwa anakusanya karatasi zake kwa huzuni. "Si kitu, cucu," alisema. "Pengine hata ni kweli gari halikusimama. Muuzaji ameniletea maneno ya dereva." Akasoma, akitafsiri: "'Kwenye mteremko wa Thuci tulinaswa, lakini nililitoa gari peke yangu kwa ujuzi. Wenyeji walisimama kando wakitazama.'"

Nelius alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina hata kikombe kilipojaa, ikafurika ikamwagikia Elphas miguuni.

"Soma tena," akasema.

"'Wenyeji walisimama kando...'"

"Walisimama?" Birika likatua mezani kwa kishindo. "Alilitoa peke yake? Yule mtu mwenye makalio kama ya ndege? Nilisukuma! Mimi, na tumbo hili hapa! Mke wa Ngari alipoteza kiatu mpaka leo! Katekista Njiru alikula tope mpaka akahubiri Pasaka anakohoa udongo! Wao wawili wameketi ndani, wamefunga madirisha, wanatupigia honi! Honi! Kama sisi ni mbuzi!"

Muthamia alikuwa ametazama ardhi kwa heshima. Elphas alikuwa amesahau kutafuna.

Gitari alishusha karatasi polepole. "Cucu, huyo katekista alikuwa nyuma ya gari?"

"Nyuma gani? Nyuma tulikuwa wanawake. Yeye alishika pale mlangoni, aonekane. Na lile gari halikuwa kama ya wengine, magurudumu ya nyuma yalilala tu. Lilichimba kwa mikono ya mbele kama fuko! Tope lote likaruka kando, likaenda kwa Njiru."

Gitari alianza kucheka peke yake. "Linavuta kwa mbele," aliwaeleza. "Fulvia linavuta kwa mbele. Mtu wa kutunga angesema matope yaliruka nyuma." Akamgeukia Nelius. "Halafu?"

"Halafu likashika. Likachomoka. Halikusema asante, halikupunga mkono. Mimi nilikuwa nimeshikilia pale nyuma, kidole kimeingia kwenye kile kipambo chake. Gari likaenda, mimi nikabaki nimelala kwenye tope, na kitu mkononi." Akashusha sauti. "Sikuiba. Ni gari liliondoka."

Ndipo Fulvia akaelewa. Alimkabidhi Muthamia mtoto, akaingia jikoni, akatoa leso. Kichuma kile alikiangikia chujio tangu alipoweza kufika nguzoni, akiwa amesimama juu ya debe. Aling'oa misumari yake miwili kwa kisu, akakipeleka nje, akachota jivu, akaanza kusugua, jinsi anavyosugua sufuria. Masizi ya miaka yote hiyo hayakutoka kwa upole. Kwanza ikang'aa *F*, yenye mkia wa maringo. Kisha *u*. Kisha *l*, *v*, na *i*. Baada ya *i* chuma kilikuwa kimekatika, kimeacha kisiki kidogo kinachopanda juu.

Gitari alikiweka juu ya picha. Kwenye picha hiyo, na kwenye ile ya gari linalouzwa, kabla ya *a* palikuwa na kisiki kingine kinachoshuka, mkato wake ukilingana na huu. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kwa hivyo Waitaliano hawakukupeleka hospitali," Fulvia akamwuliza mama yake.

"Wapi! Nilikuzalia hapo kwenye kahawa, mke wa Ngari akikupokea na kiatu kimoja. Baba yako alitengeneza hiyo ya hospitali kwa sababu aliona aibu, hakuwa hapa." Nelius akaketi, hatimaye. "Njiru ndiye aliyekuwa anajua kusoma. Nikamwonyesha chuma, nikamwuliza, ni nini hii? Akasoma, akasema, 'Fulvi. Ni mtakatifu wa kwao, amekatika mkia. Ongeza *a*, ni msichana.'"

"Na wewe ukakubali?"

"La nyumbani ulikuwa nalo, Rwamba, la mama yangu. La kanisa ndilo lilikosekana. Nikasema, hawa watu wametuachia tope na chuma. Tope nimeoga. Chuma nitakupa wewe." Akamtazama binti yake kwa upande. "Kilikuwa kitu pekee kinachong'aa ndani ya nyumba."

Dereva mpole aliyempakata alikuwa ameondoka, ameenda na honi yake, na mahali pake alikuwapo mama yake amelala kifudifudi matopeni, hajaachia alichoshika. Akaona hakupungukiwa. Akamchukua mtoto kutoka kwa Muthamia, ambaye alikuwa amembeba mbali na kifua kama beseni lililojaa.

"Cucu," Gitari akasema kwa sauti ya kubembeleza, "mwenye gari atapenda sana kukipata hiki. Kiunganishwe na kile kingine, gari likamilike."

Nelius alikitwaa chuma, akakiweka mapajani, akakifunika kwa leso.

"Nani ana kikubwa, mimi au wao?"

"Wewe, cucu. Wao wana herufi moja."

"Basi walete hiyo *a* hapa. Na wakija wanipigie hodi, si honi."

Gitari alipiga picha za kutosha, akaandika maneno yake yote, na pale penye ujuzi wa dereva akachora mstari. Gari la tajiri lilikuwa la kweli. Dereva ndiye aliyekuwa feki.

Njiani kurudi Meru Elphas alitafuna miraa yake hadi walipopita Chuka. Kisha akasema, "Kwa hivyo shemeji, uliitwa kipuri."

"Kipuri orijino," Fulvia akajibu. "Na aproni yako ni ile ya maua."

Aliivaa. Siku ya soko watu walitoka mpaka Kaaga kuja kumwona mwanakamati wa kanisa amechutama nyuma ya hoteli, povu hadi viwikoni, akivunja kikombe baada ya kikombe. Muthamia alisimama mlangoni akiwaambia wateja, kwa sauti ya mtu wa haki, kwamba iko ndani, wanaweza kuingia kuiangalia.

Na Jumapili, padri alipouliza jina, Fulvia alilitamka mwenyewe, hakulinong'ona. Padri alisita kidogo, akamtazama Elphas. Elphas akatazama dari. Maji yakamwagwa. Mtoto akatoa mlio uliowaamsha wazee wa nyuma, akajikunja, akarusha mikono yake miwili mbele, akaanza kuchimba kanzu ya padri kwa makucha, akivuta, akivuta, miguu imelala tu.

Elphas akainama sikioni kwa shemeji yake.

"Ni yenyewe," akanong'ona. "Inavuta kwa mbele."